Utumbo wa Kioo

Saa mbili asubuhi Kivuli namba arobaini na mbili kilimeza vijiko vitatu vya wali na vipande viwili vya kuku, huku mwenye utumbo akiwa bado amelala ghorofa ya juu.

Kivuli kilikuwa bomba la kioo lenye urefu wa sentimita tisini, lililolazwa juu ya meza yenye joto la mwili wa binadamu. Ndani ya kioo mlikuwa na ngozi nyembamba ya rangi ya waridi, iliyooteshwa kutokana na chembe za mgonjwa mwenyewe. Ngozi hiyo ilikuwa hai. Ilijikunja na kujikunjua, ikausukuma wali mbele, ikanyonya ilichoweza, na kilichoishinda ikakidondosha kwenye chupa iliyokuwa mwisho wa meza. Dakika nne baadaye mtambo ulikuwa umekwisha kuandika matokeo: kiasi kilichoingia mwilini, kiasi kilichopotea, na chumvi iliyohitaji kuongezwa.

Katika Kituo cha Utumbo cha Kilimamsonga, mjini Tabora, mwaka wa 2094, kulikuwa na vivuli hamsini na viwili vya namna hiyo, kimoja kwa kila mgonjwa. Wagonjwa wote walikuwa watu waliokatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, kwa ajali au kwa maradhi. Mtu mzima ana mita tano au sita za utumbo huo. Wao walibakiwa na pungufu ya mita moja. Chakula kilipita ndani yao kama treni ya mwendokasi inavyopita stesheni ndogo, na abiria wachache sana walipata nafasi ya kushuka. Ndiyo maana walikula mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Ndiyo maana hawakunywa wakati wa kula, na soda, juisi na chai ya sukari nyingi zilikuwa marufuku, kwa kuwa utamu huyavuta maji ya mwili na kuyamwaga nje. Kila kitu kilipita kwanza kwenye kivuli kabla ya kufika kinywani.

Aliyesimamia meza hizo alikuwa fundi mlo Kalunde Misana, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Zamani alikuwa mpimaji wa asali katika chama cha wafuga nyuki, na kutoka huko alikuja na tabia ya kuandika kila kipimo kwa penseli hata pale mtambo ulipokwisha kukiandika. Asubuhi hiyo aliandika: *42, wali, kuku, sawa.* Kisha akasita, kwa sababu kivuli kilikuwa kinalia.

Ndivyo mafundi walivyoiita hali hiyo. Kivuli hakikuishia kuonja chakula. Ndani ya mfuko wa kupokea choo uliobandikwa tumboni mwa mgonjwa mlikuwa na kihisi kidogo kama punje ya mtama, kilichotuma habari za kila kilichotoka, na kivuli kikaziiga. Alichokunywa mgonjwa kwa siri, kivuli chake kilikilia hadharani. Sasa ukuta wa waridi wa namba arobaini na mbili ulikuwa unatoa matone, moja baada ya jingine, na taa ya manjano ilikuwa inawaka juu ya maneno haya: *Chumvi inapotea. Yawezekana mgonjwa anakunywa maji matupu.*

Watu wengi hawakuamini jambo hilo mpaka waelezwe mara tatu. Utumbo mfupi hauwezi kuyashika maji matupu. Yakifika humo, chumvi ya damu hutoka kuyafuata, na yote mawili humwagika pamoja. Mgonjwa akinywa lita moja hupoteza zaidi ya lita moja. Kiu inazidi, anakunywa tena, na kadiri anavyokunywa ndivyo anavyokauka. Kinachomfaa ni maji ya kipimo, yenye chumvi nyingi na sukari kidogo, anayoyanywa kwa mafunda madogo mchana kutwa. Ladha yake ni kama machozi, na hakuna anayeyapenda.

Chini ya taa palikuwa na kitufe kilichoandikwa NIMEONA. Fundi alipokibonyeza, taa ilizimika kwa siku nzima, kwa matarajio kwamba sasa atapanda ngazi akamwone mgonjwa.

Kalunde alikitazama kwa muda. Kisha akakibonyeza, na hakupanda.

"Arobaini na mbili vipi?" aliuliza Mashauri, muuguzi wa zamu, akiwa anapita na toroli-tambuzi lililokuwa likimfuata lenyewe kama mbuzi wa nyumbani. "Bwana mkubwa anasemaje leo?"

"Kivuli kimekubali wali."

"Mimi ningekuwa yeye ningeona haya. Unatengeneza mtego miaka ishirini, halafu unaingia mwenyewe."

"Shikamoo," toroli likamwambia Kalunde. Waliolitengeneza walilifundisha kumwamkia kila mtu, hata watoto wa miaka minne, ambao waliitikia marahaba kwa fahari kubwa.

"Marahaba," alisema Kalunde, akafunga daftari lake.

Mgonjwa wa arobaini na mbili alikuwa Profesa Anaeli Senkondo, mtu aliyebuni vivuli. Wiki tatu zilizopita damu ilikuwa imeganda katika mshipa wa utumbo wake, na madaktari wakalazimika kukata karibu wote. Alikuwa na miaka sitini na minane. Hakumjua Kalunde. Kalunde alikuwa akimjua kwa miaka kumi na mmoja.

*

Wande, binti wa pekee wa Kalunde, alikuwa na miaka kumi na saba utumbo wake ulipojisokota. Alibakiwa na sentimita themanini. Siku hizo vivuli vilikuwa katika majaribio, na wadi ilikuwa moja tu, chini ya Senkondo. Wande alikuwa mtu wa mzaha. Alikiita kivuli chake pacha wake mvivu, akakilalamikia kwamba kinalala mezani huku yeye akichomwa sindano.

Walimpa maji ya kipimo, akawa anayatema. Midomo yake ikakauka ikapasuka. Mahali alipotoka Kalunde, midomo mikavu ya mgonjwa ni aibu ya ndugu zake kabla ya kuwa dalili ya ugonjwa: maana yake mtu ana watu na watu hao wamemwacha. Majirani walikuja kumtazama Wande, wakaiangalia midomo ile, wakamwangalia mama yake, wakaaga. Kesho yake Kalunde akaja na jagi la maji aliyoyachemsha na kuyapoza mwenyewe. Wande alilimaliza lote, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

Siku ya tatu Kalunde alimsimamisha Senkondo ukumbini. "Daktari, maji haya ninayomletea hayana ubaya? Naona anapungua."

Senkondo aliliangalia jagi. Kalunde alikumbuka vizuri kwamba aliliangalia kwa makini, kama mtu anayesoma. "Mpe tu, mama," akasema.

Akampa. Siku ya tisa Wande akafa, figo zimesimama, ulimi umekauka kama gome.

Kalunde aliamini miaka mitatu kwamba ndiyo mapenzi ya Mungu. Lakini alikuwa mpimaji, na mpimaji hapendi kitu asichojua kimetokeaje. Akaanza kusoma usiku na mchana, bila mwalimu, vitabu vya utumbo na vya chumvi, kisha akaomba nafasi ya mafunzo ya ufundi mlo. Siku moja darasani, kati ya wanafunzi thelathini, mkufunzi alionyesha ukutani mchoro mmoja maarufu. Uliitwa Mgonjwa wa Kumi na Moja. Ulionyesha jinsi kivuli kilivyotabiri, siku tisa kabla, kwamba maji matupu yangemuua mgonjwa, na jinsi mgonjwa alivyoifuata mistari ya utabiri hatua kwa hatua hadi mwisho. Ndio mchoro uliowafanya watu wote waviamini vivuli. Tarehe zilikuwa chini yake. Pembeni palikuwa na alama tisa ndogo, moja kila asubuhi, na kila moja ilikuwa na herufi mbili: A.S.

"Hizo alama ni nini?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Ni kitufe cha Nimeona," mkufunzi akajibu. "Profesa mwenyewe alikuwa akifuatilia."

Kalunde alinakili mchoro wote kwenye daftari lake kwa penseli. Siku ile alielewa mambo mawili. Senkondo alikuwa amejua. Na mkono uliomuua Wande, funda kwa funda, ulikuwa wa mama yake. Kwa lile la kwanza angeweza kumchukia mtu kama watu wanavyochukiana. Kwa la pili alimchukia kwa namna isiyokuwa na jina.

*

Siku ya pili kivuli kilipolia, Kalunde alibonyeza, na mara hii akapanda.

"Shikamoo, Profesa." Kila asubuhi ilimbidi kulisema neno hilo, na kila asubuhi lilimkwama kidogo.

"Marahaba, fundi. Mtoto wangu wa kioo amesemaje?"

"Amekubali ugali laini na yai. Chumvi kijiko kimoja juu yake."

"Mtiifu kuliko wanangu wote wanne." Alikuwa mrefu, amekonda, na bado alikuwa na ile sauti ya kufundishia. Juu ya kabati kulikuwa na duara la maji, ukubwa wa kitako cha thamosi. Kikombe cha maji ya kipimo kilikuwa kimejaa vilevile alivyokileta Mashauri.

"Na wewe mwenyewe unajisikiaje?" Kalunde aliuliza.

Senkondo akacheka taratibu. "Usiniulize mimi. Niliandika katika ukurasa wa kwanza wa mwongozo: mgonjwa ana hofu na ana tamaa, kivuli hakina. Mgonjwa haulizwi. Kivuli ndicho kinachoulizwa."

"Basi sitakuuliza tena," alisema Kalunde.

Akatimiza ahadi hiyo. Siku ya tatu akabonyeza. Siku ya nne akabonyeza. Alijua maji yalikotoka. Mke wa Senkondo, Nakunda, alikuja kila saa nne na kila saa kumi, mama mnene wa miaka sitini na tatu aliyevaa viatu vya raba, akiwa na kikapu, na ndani ya kikapu thamosi. Kalunde hakuhitaji kutia sumu wala kudanganya mtambo. Hakuhitaji kufanya lolote. Kitu pekee kilichotakiwa kwake kilikuwa kile alichokifanya Senkondo mwenyewe kwa siku tisa, nacho ni kunyamaza. Aliuona unadhifu wa jambo hilo na akauonea raha, raha tulivu kama ya mtu anayetazama asali nzito ikishuka kutoka kwenye kijiko bila kukatika.

Siku ya tano mgonjwa alisema, "Usiku mapaja yalinikaza. Yalikaza sana."

"Kivuli hakina mapaja, Profesa."

Alimtazama. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. "Ni kweli," akasema. "Hilo ni pungufu."

"Umekunywa kilichoandikwa?"

"Kilichoandikwa."

"Na kingine?"

"Fundi, mimi ndiye niliyeandika."

Kalunde aliinama, akakipanga kikombe kilichojaa pembeni ya kitanda, karibu na mkono wake, akatoka. Chini, kwenye ukumbi wa vivuli, alifungua daftari lake ukurasa ule wa zamani. Mstari wa arobaini na mbili ulikuwa unalala juu ya mstari wa kumi na moja kana kwamba umechorwa kwa rula moja. Zilibaki siku nne.

Siku ya sita Mashauri alimuuliza, "Mama Kalunde, yule mzee mbona anapauka? Jana aliniita mara mbili kwa jina la mtu mwingine."

"Nimemwona," alisema Kalunde.

Mashauri akatikisa kichwa, akaenda zake. Toroli likageuka nyuma, likamwamkia Kalunde tena, na kwa mara ya kwanza hakuliitikia.

*

Siku ya saba, saa nne na nusu, Nakunda alikuwa kwenye bomba la ua wa ndani akiosha kifuniko cha thamosi. Alipomwona Kalunde anapita alifunga maji, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mdogo wangu, samahani. Una dakika?"

"Ninayo, dada."

"Mimi si mtu wa vitabu. Nimeishi na msomi miaka arobaini na mmoja, lakini elimu haiambukizi." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Baba watoto ameniambia nimletee maji ya nyumbani. Amesema wewe umeruhusu, ila nisiwasumbue wauguzi kwa kuwauliza. Nikaleta. Lakini siku ya saba hii naona kama nachota kwa pakacha. Anakunywa na anakauka. Leo asubuhi nimemvalisha shati, nikaona mikono imebaki mifupa." Aliinua thamosi. "Sasa nakuuliza wewe, maana ndiye fundi. Maji haya ninayomletea hayana ubaya?"

Kalunde alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu miaka sita iliyopita, maneno matatu tu, na alikwisha kuyasema peke yake mara nyingi, akiosha vyombo, akipanda ngazi, akingoja usingizi. Mpe tu, mama. Alifungua mdomo ili ayaseme.

Nakunda alikuwa anamngoja. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye vidole vyake. Ilikuwa mikono ya mtu aliyeamka mapema, akachemsha, akapoza, akachuja kwa kitambaa safi, akatembea. Kalunde aliitambua mikono hiyo. Alijua kitakachoipata baada ya siku mbili. Alijua jinsi itakavyoanza kuepuka vyombo vya maji, jinsi mwenyewe atakavyoificha chini ya kanga watu wakimtazama, na jinsi hakuna sabuni wala sala itakayofaa. Alikuwa amemwekea Senkondo mtego kwa wiki nzima, na aliyekuwa amesimama ndani yake alikuwa mwanamke huyu.

"Kaa, dada," akasema.

Walikaa kwenye ukingo wa saruji kando ya bomba. Kwanza Kalunde alipiga simu juu, akamwambia Mashauri amwekee namba arobaini na mbili dripu ya chumvi mara moja, amwite daktari, na asimpe kikombe chochote isipokuwa cha maji ya kipimo. Kisha akamweleza Nakunda. Alimweleza chumvi inavyoyafuata maji. Alimweleza taa ya manjano na kitufe, na kwamba yeye mwenyewe alikibonyeza asubuhi saba, akijua. Alimweleza sababu. Alimweleza jagi. Sauti yake haikupanda hata mara moja, na hakuruka siku yoyote kati ya zile tisa.

Nakunda alisikiliza mpaka mwisho. Thamosi ilikuwa mapajani mwake.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniacha," akasema.

"Ndiyo."

"Kama alivyokuacha."

"Ndiyo, dada."

Nakunda alikirudisha kifuniko juu ya thamosi, akakikaza. Mahali fulani juu yao kengele ya daktari ililia, na miguu ikakimbia. "Mtoto aliitwa nani?"

"Wande."

"Alikuwa anapenda nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Kalunde swali hilo. Ilimbidi afikiri. "Kucheka watu," akasema. "Na matobolwa. Unajua, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Alikuwa anavificha mfukoni mwa sare ya shule, mfuko wote unanata."

Nakunda akasimama, akamimina maji yote yaliyobaki kwenye karai la kufulia, akapanda ngazi.

*

Senkondo alikuwa ameegemezwa mito, sindano ya dripu mkononi. Daktari alikuwa amekwisha kuondoka. Rangi ilikuwa haijarudi, lakini macho yalikuwa yanamjua mtu.

Nakunda hakukaa. "Wande ni nani?" akauliza.

"Sijui mtu wa jina hilo."

"Ndiyo," alisema Kalunde kutoka mlangoni. "Hakuwahi kuliuliza. Namba kumi na moja, Profesa."

Mtu anaweza kuzeeka mbele ya macho yako. Senkondo alimtazama Kalunde kuanzia viatu hadi kilemba, na pole pole, chini ya miaka yote hiyo, akamwona mama wa jagi.

"Nilikuwa na mtambo ambao hakuna aliyeuamini," alisema. Alizungumza na mkewe, si na Kalunde. "Hakuna. Walikuwa wanataka kuufunga. Kivuli kilikuwa kimetabiri jambo ambalo kila mtu aliliona ni upuuzi, kwamba maji yanaua. Ningelizuia lile jagi, utabiri usingethibitika kamwe. Tangu siku ile wameokoka watu maelfu. Wako hapa chini wanakula. Mimi pia niko hapa."

"Hilo la maelfu nimelisikia," alisema Nakunda. "Nakuuliza la thamosi. Ulijua maji haya yanafanya nini?"

"Nilijua."

"Ulijua kuliko mtu yeyote duniani."

"Kujua hakuzimi kiu, mama Eliamini. Wewe hujawahi kuwa na kiu ya namna hii."

"Ukaniambia nisiulize. Ungekufa, ningekuwa mimi niliyekuua. Ningekuzika na nisingejua, au ningejua, sijui lipi lina nafuu." Alikitazama kile kikombe kilichojaa, kile ambacho mumewe hakukigusa kwa siku saba, akakichukua, akakiweka mdomoni mwa mumewe. "Kunywa," akasema.

Alikunywa. Alikunja uso kwa ile ladha, akataka kukisukuma, na mkewe hakuuondoa mkono mpaka funda la mwisho. Neno hilo moja, kunywa, ndilo karibu pekee alilowahi kumwambia tena hapo hospitali.

*

Kalunde aliandika taarifa yake mwenyewe, kurasa mbili, kwa mkono, akaitaja kila asubuhi na kila saa aliyobonyeza kitufe, akaipeleka kwa mkuu wa kituo. Mkuu aliisoma mara mbili, akaufunga mlango, akaenda kumuuliza mgonjwa kama anataka kushtaki.

Senkondo hakuweza. Asingeweza kusimama mbele ya baraza na kueleza alama saba za Kalunde bila mtu kumuuliza maana ya zile tisa zake. Alisema hana malalamiko. Mkuu akauliza kama basi apewe fundi mwingine. Kalunde, aliyekuwa amesimama nyuma, alisema kabla mgonjwa hajajibu kwamba yeye hapendelei hivyo, na kwamba hakuna fundi anayeujua utumbo ule kama anavyoujua yeye. Hilo lilikuwa kweli, na wote watatu walilijua. Mkuu alimkata mshahara wa mwezi mmoja, akaamuru kwamba kuanzia sasa kitufe cha Nimeona kibonyezwe na watu wawili.

Senkondo akabaki mkononi mwa Kalunde.

Alimlisha kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mgonjwa yeyote. Mara sita kwa siku alipanda na sahani ndogo: wali uliokolezwa chumvi, viazi mbatata, kuku, yai, samaki asiye na mafuta mengi. Alipima maji ya kipimo kwa gramu. Alitafuta kipimo kilichofaa cha madini ya magnesiamu mpaka mapaja yakaacha kukaza. Na kila asubuhi, kabla ya salamu, alimuuliza, "Unajisikiaje?" akasimama na penseli mpaka apate jibu kamili, kwa kuwa alijua kwamba swali hilo ndilo lililomuumiza kuliko sindano zote. Mwezi wa pili alimletea karatasi tupu. Hakumwambia aandike nini. Senkondo aliandika siku tatu. Mwongozo wa vivuli ulipotolewa upya, mchoro ule maarufu ulikuwa na jina la msichana, umri wake, na maelezo mafupi ya nani aliliona jagi na akasemaje.

Nakunda alikuja kila siku, saa nne na saa kumi. Alishika kikombe, akangoja kimalizike, akaenda kukaa uani na Kalunde. Wakati mwingine walizungumza habari za watoto.

Mwezi wa tatu, mchana mmoja wa jua kali, Kalunde alileta mlo wa nne. Mgonjwa alikuwa ameongezeka kilo tano. Madaktari walikuwa wanasema angeweza kuishi miaka kumi na mitano, pengine ishirini, alimradi apatikane mtu wa kumsimamia. Senkondo alichukua tonge la kwanza, akakaa nalo mkononi.

"Fundi," alisema, "ungeweza kuniacha siku mbili tu zaidi."

"Najua."

"Nimeifikiria sana. Mke wangu haniangalii. Wanafunzi wangu wameacha kuja. Ungekuwa umenihurumia zaidi ungeniacha."

"Najua hilo pia, Profesa."

Alilitia tonge mdomoni. Machozi yalimlenga, akayaacha. "Utanisamehe siku moja?"

Kalunde alisogeza kiti karibu, akakaa, akaweka sahani juu ya magoti yake ili mgonjwa asichoke kunyoosha mkono.

"Hapana," alisema. "Tafuna vizuri."